Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi, na Haki ya Kumweka Mkubwa

Vita vilivyoamua nani atawale pwani hii yetu havikuanzia Mombasa wala Unguja. Vilianzia Takaungu, mwendo mfupi kusini mwa Mnarani, mwaka 1895, na sababu yake ilikuwa jambo ambalo mpita njia angelidhani ni la nyumba moja tu: liwali amefariki, nani akae mahali pake? Wengi katika vijana wetu hawaijui khabari hii, na walioisikia wameisikia kwa vipande. Nayo haifahamiki vyema ila kwa kuyajua maisha ya mzee ambaye hakuwa hata mkaazi wa Takaungu, naye ni Sheikh Mbaruk bin Rashid bin Salim Mazrui, mkubwa wa Gasi.

Watu wamemsema kwa namna mbili. Wako wanaomwita shujaa aliyekataa kuinamishwa shingo na Sultani, kisha na Mzungu. Wako pia, khasa katika wazee wa Kidigo na Kiduruma, waliopokea kwa babu zao khabari za mtu aliyeunguza vijiji na kuchukua watu. Pande zote mbili zina hoja, wala haifai kuutupa ushahidi wa mmoja kwa kuupenda wa mwengine. Maisha ya marehemu huandikwa kama yalivyokuwa.

Nasaba yake ni ya watawala. Mazrui walikuja Mombasa wakiwa maliwali wa maimamu wa Oman wa ukoo wa Yaarubi, mwanzoni mwa karne ya 18. Ukoo huo ulipoanguka na Busaidi wakashika dola ya Oman katikati ya karne hiyo, Mazrui walikataa kuwatii. Hoja yao ilikuwa nyepesi kufahamika: waliyempa utiifu hayupo tena, na huyu mpya hawakumpa. Tangu hapo wakaitawala Mombasa kwa nafsi zao kwa karibu miaka mia. Lakini asidhani mtu kwamba walitawala kwa upanga peke yake. Mombasa ilikuwa na Miji Kumi na Miwili, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kila upande na tamimu wake, na wazee wetu wa Kilifi walikuwa miongoni mwa hizo Tisa. Liwali aliyegombana na wazee hao hakuweza kukaa Ngomeni kwa raha, kwani hao ndio waliokuwa na watu, na hao ndio waliokuwa na ahadi na makabila ya bara. Hapakuwa na katiba iliyoandikwa. Palikuwa na mashauri, na palikuwa na haja ya kila mmoja kwa mwenziwe.

Mwaka 1824, walipobanwa na Sayyid Said bin Sultan, Mazrui walifanya jambo ambalo mtu akilisoma leo hutikisa kichwa. Walimwomba Kapteni Owen wa jeshi la bahari la Kiingereza awakinge, na bendera ya Uingereza ikapandishwa Mombasa. Ilikaa hata 1826, London ilipokataa kulithibitisha jambo lile na bendera ikateremshwa. Sayyid Said akaleta majahazi yake mara baada ya mara, lakini hakuweza kuishika Ngome ikadumu mkononi mwake. Kilichowaangusha Mazrui mwishoni hakikuwa mizinga, bali ni khitilafu yao wenyewe. Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835 waligombea nafasi yake, wakawachosha watu wa mji, na baadhi ya wazee wakamkaribisha Sayyid Said. Mwaka 1837 aliingia kwa amani. Kisha wakubwa wa Mazrui wapatao 25, akiwamo liwali wao wa mwisho Rashid bin Salim, wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas. Hawakurejea.

Huyo Rashid ndiye baba wa Mbaruk. Mtoto akapoteza baba, na ukoo ukapoteza mji. Waliosalia wakagawanyika: wengine wakaja kaskazini wakakaa Takaungu, wengine wakenda kusini wakakaa Gasi. Wa Takaungu walipatana na Unguja mapema, wakalima mtama na nafaka nyenginezo, wakatajirika kwa mashamba, na mashamba yakalimwa na watumwa. Wa Gasi hawakupoa. Mbaruk alilelewa na watu wanaohisabu siku za kudhulumiwa, na alipokuwa mkubwa wao alikuwa na fikra moja isiyomtoka moyoni, kwamba Mombasa ni ya baba yake.

Tunapoisoma khabari yake tusiipime dola ya Unguja ya wakati ule kwa kipimo cha serikali ya leo. Sultani alikuwa na liwali katika kila mji mkubwa, kadhi wa kuhukumu, askari wachache wa Kibaluchi na wa Hadhramaut ndani ya boma, na forodha aliyoikodisha kwa tajiri wa Kihindi. Zaidi ya hapo watu walijiendesha. Mtu aliyetoka nje ya mji nusu siku kwa miguu alikuwa amekwisha kutoka katika mkono wa Sultani. Katika hali hiyo mkubwa wa Gasi, akiwa na bunduki zake, na watumwa wake waliobeba silaha, na rafiki zake wa Kidigo, aliweza kuwa mtiifu mwaka huu na muasi mwaka ujao. Alipobanwa alipanda juu kwenye boma lake la Mwele, katika misitu ya nyuma ya Gasi, akangoja. Unguja ikichoka hutuma wapatanishi, na mapatano yakipatikana hupewa posho, akashuka.

Aliyeibadilisha hali hiyo ni Sayyid Barghash bin Said, aliyeshika dola mwaka 1870. Yeye alitaka amri itoke mahali pamoja na isikike kila mahali. Mwaka 1877 alianza kuunda jeshi la kudumu lililofunzwa kizungu chini ya afisa Mwingereza, Lloyd Mathews, lenye bunduki mpya. Hilo si jeshi la kuazima watu kwa makabila yao, ambao wakikasirika hurudi kwao. Ni jeshi la mshahara, na mwenye kulipa mshahara ndiye mwenye amri. Mwaka 1882 Mathews alikuja Mwele na jeshi hilo, akaizunguka, akaitwaa. Mbaruk aliponea msituni, kisha akasamehewa kwa mara nyengine, lakini tangu hapo boma halikuwa kinga tena kama zamani.

Nguvu hizo hazikuwashukia wenye bunduki peke yao. Katika ukoo huo huo wa Mazrui alikuwako mwanachuoni mkubwa, Sheikh Ali bin Abdallah, aliyekuwa Ibadhi kisha akafuata madhehebu ya Shafii na akasomesha waziwazi. Sayyid Barghash alimtia gerezani, na hakutoka ila Barghash alipofariki mwaka 1888 na nduguye Sayyid Khalifa akashika mahali pake. Sheikh Ali ndiye baba wa Sheikh Al-Amin, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na akaiandika kwa Kiarabu tarekhe ya ukoo wao. Nimelitaja hili kwa kuwa wako wanaomsifu Barghash kwa maji aliyoyaleta mjini na majumba aliyoyajenga, na sifa hizo anazistahiki, wakasahau kuwa dola iliyoweza kuleta maji kwa amri ya mtu mmoja iliweza pia kumfunga mwanachuoni kwa amri ya mtu huyo huyo, wala pasiwe na mahakama ya kwenda kumshitakia.

Barghash mwenyewe hakupata kuyala matunda ya alichokipanda. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara na kumwachia ukanda wa maili kumi wa pwani, na mwaka 1887 akaukodisha upande wetu kwa jamii ya wafanya biashara wa Kiingereza wakiongozwa na William Mackinnon. Mwaka uliofuata jamii hiyo ilipata hati ya Malkia ikawa Kampuni ya Imperial British East Africa. Basi raiya wa pwani wakaamka siku moja wakiwa chini ya kampuni. Sultani ni yule yule, bendera ni ile ile nyekundu, kadhi ni yule yule. Lakini anayekusanya ushuru na kumweka liwali ni karani wa watu wenye hisa London. Hakuna aliyeulizwa, si Mbaruk, si wazee wa Miji Kumi na Miwili, wala si mkulima wa Kigiriama.

Kampuni ilimpa Mbaruk posho, naye akaipokea. Mtu mwenye kumwita shujaa asiruke hapa. Aliipokea kama alivyozipokea za Unguja, akidhani Wazungu nao ni wenye kuja na kuondoka. Tena Kampuni ilikuwa dhaifu. Ilikuwa na fedha kidogo na askari wachache, nayo iliwaogopa mabwana wa mashamba. Mwezi wa Januari 1889 iliwalipa wenye watumwa fidia kwa watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wametoroka na kukimbilia misheni, Rabai khasa, ili wapewe hati za uhuru na pwani isiwake moto.

Tufike sasa Takaungu. Mwanzoni mwa 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa mji huo. Waliotajwa kumrithi ni wawili. Wa kwanza ni Mubarak bin Rashid, mtoto wa nduguye Salim, mtu mzima, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa mkubwa wa Takaungu kabla ya Salim. (Msomaji asimchanganye na Mbaruk wetu wa Gasi, ambaye naye ni bin Rashid. Majina yamefanana na mambo yao yamefungana, lakini ni watu wawili.) Wa pili ni Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, mdogo wa umri, aliyekuwa na mapatano mema na Waingereza. Kwa ada ya Mazrui ukubwa haukwenda kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama shamba. Ulikwenda kwa mkubwa wa jamaa waliyemridhia. Kwa ada hiyo Mubarak alikuwa mbele. Kampuni ikamweka Rashid.

Kwa nini jambo hili likawa vita? Kwa sababu watu walifahamu maana yake kuliko walivyofahamu hati zote za Kampuni. Kukodisha forodha ni mambo ya mbali, lakini kuambiwa nani ni mkubwa wako, ilhali jamaa zake wako hai na wanazo akili zao, hilo hata mtoto hulifahamu. Sheria yetu ya Kiislamu haikuufanya utawala kuwa urathi wa lazima. Imeamrisha mashauri, na baia ni mapatano kati ya mwenye kupewa na wenye kutoa. Mazrui hawakuitimiza amri hiyo kikamilifu, maana mashauri yao yalikuwa ya ukoo mmoja na hayakumfikia mkulima wala mtumwa. Lakini kilikuwako kitu, na hicho kidogo ndicho kilichoondolewa. Baada ya 1895 liwali hakuwa tena mtu aliyewekwa na watu akakubaliwa na dola. Alikuwa mtumishi wa dola, akila mshahara wake, akiondoka ikitaka aondoke.

Mubarak na nduguye Aziz walitoka Takaungu na watu wao wakajikusanya Gonjoro, upande wa bara. Mwezi wa Juni walishambuliwa huko, wakatawanyika, na Mubarak akakimbilia Gasi kwa jamaa yake. Hapo ndipo mzee wetu alipoingia. Alikuwa amekwisha kupindukia umri wa kupigana, na posho yake ilikuwa ikimfika. Waingereza walimtaka amtoe mgeni wake. Alisitasita, akatuma barua, akaahidi, akachelewa. Mwisho hakumtoa. Waandishi wa Kiingereza waliiita tabia hiyo khiana. Mimi naona mtu aliyelelewa kwa kisa cha jamaa zake waliokaribishwa kisha wakafungwa hangeweza kumkabidhi aliyekimbilia nyumbani kwake akaishi na nafsi yake.

Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni iliondoka na serikali ya Uingereza ikashika nchi yenyewe, chini ya Sir Arthur Hardinge. Mwezi wa Agosti Admirali Rawson alipanda Mwele na mabaharia na askari wa Unguja, wakaitwaa boma. Mathews, ambaye sasa alikuwa waziri wa Sultani, alijeruhiwa huko. Lakini vita havikwisha kwa kuanguka Mwele, bali vilienea. Hamisi bin Kombo, mkubwa wa Mtwapa, mzee wa Kiswahili wala si Mazrui, alijiunga. Aziz alirejea upande wetu huu na kupita nyuma ya Kilifi na Malindi, na Wagiriama wakawa katika tabu, kwani kila upande uliwataka. Ngonyo wa Mwavuo, mkubwa wao mashuhuri, aliwapa Mazrui chakula kisha akapatana na serikali nchi yake isiunguzwe. Malindi ilishambuliwa, Vanga ikachomwa, mashamba yakaachwa bila ya kulimwa. Serikali ikaleta kikosi kizima cha askari kutoka Bara Hindi, kilichofika mwezi wa Machi 1896. Mwezi uliofuata Sheikh Mbaruk alivuka mpaka na watu zaidi ya elfu moja, akajisalimisha kwa Gavana Wissmann wa Kijerumani. Silaha zikachukuliwa, na yeye akapelekwa Dar es Salaam.

Miezi minne haikupita ila kisa cha Takaungu kikarudiwa Unguja kwenyewe. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamed bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia nyumba ya kifalme bila ya ruhusa ya Waingereza, waliomtaka Hamoud bin Muhammad. Tarehe 27 manowari zikaipiga nyumba ile, na katika muda usiofika saa moja mamia ya watu wakafa. Mwenye amri juu ya manowari hizo ni yule yule Rawson wa Mwele. Khalid akakimbilia nyumba ya balozi wa Kijerumani, naye pia akapelekwa Dar es Salaam. Ikawa katika mji mmoja wa ugenini wanaishi mjukuu wa Sayyid Said aliyeichukua Mombasa, na mtoto wa Rashid bin Salim aliyenyang'anywa. Ugomvi wa babu zao ulikuwa juu ya nani aikae Ngome. Sasa Ngome ilikuwa gereza la serikali, na wote wawili wanakula posho ya Mjerumani.

Sasa tuiseme ile hoja ya pili, ya watu wa Digo na Duruma, kwani bila ya hiyo tutakuwa tumeandika sifa, si maisha. Mbaruk alidai haki, na haki aliyoidai ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa haki ya kutawala. Haki ya mwenye kutawaliwa hatukuiona katika mambo yake. Alipohitaji chakula na watu kwa ajili ya vita vyake alivichukua kwa wanyonge walio karibu. Katika njaa kuu ya mwaka 1884 wazazi wa Kimijikenda waliweka watoto wao rehani kwa nafaka pwani nzima, na wengi katika watoto hao hawakukombolewa. Jamaa zake wa Takaungu nao hawakuwa safi: watumwa wao walipotoroka na kujijengea kijiji Fuladoyo, nyuma ya nchi yetu hii, walikwenda kukishambulia mwaka 1883. Watoro wale wa Fuladoyo, maskini wasio na nasaba wala barua ya Sultani, ndio waliokuwa wakidai haki ya mtu mmoja mmoja kuwa na nafsi yake kabla ya yeyote kuiandika katika kitabu cha sheria. Nani katika wakubwa wetu aliyekaa nao akawasikiliza? Sheria ya dini imeufanya uachaji huru wa mtumwa kuwa ibada na kafara, na imemharamisha mtu huru kuuzwa. Hayo yalisomwa misikitini, na nje ya misikiti watoto wa rehani walikuwa wakipakiwa majahazini.

Kwa hivyo serikali mpya ilipokuja na maneno ya haki za mtu, ilikuta mahali patupu, ikapajaza kwa namna yake, nusu kheri na nusu dhulma. Kwa kanuni za 1897 mahakama za maliwali na makadhi zilipangwa daraja kwa daraja, na mtu akapata njia ya kukata rufaa. Lakini anayewaweka mahakimu ni serikali. Mwaka 1907 hali ya utumwa iliondolewa katika sheria, na wenye watumwa wakalipwa fidia. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa kitu. Mwaka 1908 ikaja sheria ya kuandikisha ardhi ya pwani. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa alete madai yake, na ardhi isiyodaiwa ikahisabiwa kuwa ya taji la Uingereza. Mwenye kujua kusoma na kufika ofisini, mara nyingi bwana wa zamani au tajiri, alipata hati. Mgiriama aliyelima pale pale tangu babu yake, na muachwa huru aliyelima kwa ruhusa ya maneno matupu, wakawa wageni katika mashamba yao. Kijana wa Kilifi anayepiga kura leo kumchagua gavana wake, na kuitegemea Katiba ya mwaka 2010 inayoutaja uhuru wa kila mtu, bado anamjua jirani aitwaye skwota.

Khabari za sheria hizo bila ya shaka zilimfika Sheikh Mbaruk, kwani majahazi hayakukatika kati ya Mombasa na Dar es Salaam. Wengi waliovuka naye walikuwa wakirejea makwao kidogo kidogo. Takaungu ilikaa chini ya Rashid bin Salim, liwali wa serikali. Misitu ilikuwa ikilirudia boma la Mwele. Mzee alikuwa akizeeka huko huko, na mwaka 1910 akafariki katika mji ule wa ugenini, Mwenyezi Mungu amsamehe na awasamehe aliowadhulumu na waliomdhulumu. Tangu siku aliyovuka mpaka hakuiona tena Gasi.